Kati ya Chumba cha Tatu na cha Nne

Usiku wa jana niliota shingo ya gitaa langu imekuwa ukumbi wa nyumba ya kupanga, na mimi nimesimama mlangoni, nimevua viatu, nasubiri kukaribishwa.

Ilikuwa nyumba ya kawaida, kama zilivyo nyingi za kwetu Ngamiani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, ndoo za maji milangoni. Tofauti yake ni kwamba sakafu ilikuwa na vyuma vyembamba vya kukatiza, na kila ukivuka chuma kimoja, sauti ya nyayo zako inapanda kidogo. Sikushangaa. Ndotoni mtu hana nafasi ya kushangaa, ana kazi ya kuangalia anapokanyaga.

Mwenye nyumba alikuwa kinanda. Alikaa kwenye mkeka mwisho wa ukumbi, amejifunga khanga, meno yake meupe na meusi yako nje yote, ila si kwa kucheka.

"Karibu," akasema. "Unamtafuta nani?"

"Namtafuta dada yangu, Mwantumu."

"Anakaa chumba gani?"

"Kati ya cha tatu na cha nne."

Kinanda akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekuja msibani na ngoma. "Baba, kati ya cha tatu na cha nne ni ukuta."

"Najua," nikasema. "Ndimo alimo."

Hapa inabidi nieleze mwenyewe, maana ndoto haikujisumbua kueleza kitu.

Tuna bendi yetu hapa Tanga, inaitwa Kungumanga. Tunafanya mazoezi katika stoo ya magodoro ya baba yake Kihiyo, mpiga ngoma wetu, kwa sababu magodoro yanameza kelele na majirani hawana subira na roki. Na roki yenyewe ni ile ya kuzungusha kichwa, saikedeliki kwa jina lake. Gitaa linapitishwa kwenye vyombo vya mwangwi mpaka lenyewe halijui lilianzia wapi, na wimbo mmoja unaweza kuchukua muda wa kuivisha maharage. Tulipochoka kuzungusha vichwa kwa sauti za kila siku, tukaanza kutafuta zile zilizo katikati. Gitaa la dukani lina sauti kumi na mbili, kisha linarudia. Sauti iliyoangukia kati ya mbili haina pa kukaa. Wapiga udi na kanuni wa taarabu ya zamani walizijua sauti hizo, na dada yangu alikuwa nazo kooni. Alizipata utotoni kwenye kaswida, kwa shangazi yetu Chausiku, aliyetulea.

Hatukuwa na fundi wa kutuongezea vyuma kwenye gitaa. Kwa hiyo Mwantumu alikuwa anaimba, mimi nateleza kidole juu ya waya mpaka nimkute, na pale nilipomkuta, Kihiyo anafunga mshipi wa kuvulia samaki kuzunguka shingo ya gitaa, fundo kwa nyuma. Mshipi ndio ukawa chuma chetu. Gitaa likajaa mafundo mpaka likawa na sura ya kitu cha mganga. Ile sauti ya mwisho wa wimbo wetu mkubwa ilitusumbua msimu mzima wa masika, kwa sababu ilikuwa chini kidogo ya pale unapodhani ipo. Ukiipata, unahisi mtu amekushika bega.

Mwantumu alikuwa na seli mundu, maradhi ya damu. Alizaliwa nayo, akaizoea, akawa anaitania kama jirani mkorofi. Baada ya Idi iliyopita ikamchukua.

Siku za msiba shangazi alikuwa anasafisha chumba, akaliona gitaa lina nyuzi zimefungwa mafundo shingoni. Shangazi ni mtu wa pwani. Akiona uzi wenye mafundo katika nyumba aliyofia msichana, hawazi muziki, anawaza uchawi. Alichukua mkasi, akakata fundo moja moja huku anasoma dua, akazichoma uani na kumwagia chumvi. Alidhani amempata aliyemuua mtoto wake.

Kurekodi tulirekodi mara moja tu. Mwenye studio, kijana mkarimu kweli, aliona sauti ya dada haikai juu ya mstari, akainyoosha kwa kompyuta bila kutuambia, kisha akatukabidhi kwa fahari. Kwenye simu zetu kuna video nyingi za Mwantumu akila mishikaki, akimsuta Kihiyo, akilala na mdomo wazi. Akiimba hakuna. Alikuwa anaimba kila siku, na nani anarekodi maji ya bomba?

Kwa hiyo ile sauti haipo popote. Nimeitafuta kwa kidole mpaka kidole kimeota sugu. Kihiyo ameshasema onyesho la Jumamosi tuuache ule wimbo, na tukiuacha mara hii tumeuacha moja kwa moja. Shangazi nampenda. Ila tangu siku ile simwamkii kwa mdomo, natikisa kichwa tu, kwa sababu nikifungua mdomo mbele yake nahisi kitakachotoka si shikamoo.

Basi nimo ukumbini, na kinanda anamwita mjumbe wa mtaa.

Mjumbe ni kile kijimashine cha kupimia gitaa, kinachobanwa kichwani mwa gitaa, chenye sindano inayoyumba kushoto na kulia mpaka isimame katikati na taa iwake kijani. Ndotoni amekuwa mtu mfupi wa makamo, amevaa koti, na sindano iko mahali pa pua.

"Jina?"

"Singano."

Sindano ikalala kushoto. "Uko chini kidogo."

"Nimefiwa."

"Ndiyo maana. Simama wima."

"Nimesimama."

"Panda. Panda tena. Usizidishe."

Ninajinyoosha. Ninavuta mabega nyuma, ninakaza shingo, sindano inapanda polepole mpaka katikati, na taa ya kijani inawaka kwenye kifua cha mjumbe. Wakati huohuo huzuni yote inaniisha. Sina kidonda, sina njaa, wala sijui nimekuja kumtafuta nani. Ninaangalia ndoo za maji na kuona ni ndoo nzuri.

Nikaogopa sana. Nikainama haraka, taa ikazima, na Mwantumu akanirudia kifuani na uzito wake wote. Nikashukuru.

"Umeharibu," mjumbe akasema, bila hasira. "Lakini dada yako tunaye. Alikuja hapa akiwa amepinda, tukamrekebisha kidogo. Yuko chumba cha nne."

Akafungua mlango. Mwantumu amesimama katikati ya chumba, amevaa gauni lake la njano la maonyesho, mikono ubavuni. Anaimba wimbo wetu. Anaimba bila kosa hata moja, kila sauti iko juu ya mstari kama nguo zilizopigwa pasi. Akifika mwisho anaanza tena. Hapepesi macho.

"Dada," nikamwita.

Akaendelea kuimba.

"Dada Mwantumu, ni mimi, Singano."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa vuguvugu, kama simu iliyochajiwa muda mrefu. Akaniangalia kwa adabu, vile mwimbaji anavyomwangalia mtu wa safu ya mbele asiyemjua, akarudi kwenye kiitikio. Nilitaka kukaa chini palepale nilie, na kwa kweli nilikaa.

"Si huyu," nikasema.

"Ni huyuhuyu," mjumbe akasema. "Wengi hawaoni tofauti."

"Mimi naiona."

"Basi tatizo liko kwako," akasema, akafunga mlango taratibu ili asimkatize.

Nimesahau kusema kwamba tangu nilipoingia nilikuwa nafuatwa na Mwangwi. Ni kile kisanduku changu cha kukanyaga kwa mguu, kinachoyarudia mapigo ya gitaa mpaka yafifie. Alikuwa anatembea nyuma yangu kwa miguu mifupi ya mpira, akirudia mwisho wa kila nilichosema. Nikisema najua, anasema jua, jua. Nilipolia naye alilia, kwa kuchelewa kidogo na kwa sauti ndogo kuliko yangu, na sikumbuki kama kuna mtu aliyewahi kunifariji vizuri hivyo.

Nilipomaliza kulia yeye alikuwa bado hajamaliza. Nikamsubiri. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikuwa nimelisema.

"Pita hapa," akasema. "Hapa, hapa."

Ukuta kati ya chumba cha tatu na cha nne ulikuwa na ufa wa kupitisha karatasi. Nikapita. Usiniulize vipi, nilipita kwa ubavu.

Ndani ya ukuta ni shamba la mkonge. Linakwenda mpaka macho yanachoka, safu zimenyooka, zimepangwa kwa nafasi zilizo sawasawa, na baina ya safu na safu kuna watu. Wamekaa, wanatembea, wengine wanasukana nywele. Wote wamepinda kidogo, huyu bega, yule shingo. Mzee mmoja amebeba fidla isiyo na nyuzi. Akanisalimia kwa sauti ambayo sijawahi kuipata kwenye gitaa lolote, nami nikamwitikia vibaya. Hakujali.

Kwenye kichuguu cha majivu nikaikuta mishipi yetu. Ilikuwa imejikunja, ncha zimeungua, imekaa kundi moja kama watu wanaosubiri daktari.

"Nyinyi ndio mliokuwa shingoni?" nikauliza.

"Ndio sisi."

"Ile ya mwisho wa wimbo ni nani kati yenu?"

Mshipi mmoja ukanyanyua ncha.

"Ulikuwa umefungwa wapi? Nionyeshe."

"Sijui," ukasema. "Aliyefungwa hajui alipofungwa, anajua tu kwamba anabana. Pole."

Nikakaa kwenye majivu pamoja nayo. Sikuwa na la kufanya. Mshipi mwingine, mzito kidogo, ukasema, "Shangazi yako alitukata huku analia. Mkasi ukawa unamteleza, akawa anatukata mara mbili mbili."

"Sikuwa najua."

"Alituomba radhi pia. Alisema, kama nyinyi si wabaya, mnisamehe, mimi nimechanganyikiwa."

"Mkamjibu nini?"

"Tungemjibu nini? Tulikuwa tunaungua."

Mwangwi akasema, ungua, ungua.

Kisha nikamwona Mwantumu. Amekaa juu ya godoro ambalo bado limo ndani ya nailoni yake, safu ya pili kutoka pale, anamenya mbaazi. Kila mbaazi ikidondoka bakulini inalia sauti yake, na hakuna hata moja iliyoko kwenye kinanda. Amevaa dera la nyumbani, lile lililochanika kwapani. Amepinda vilevile alivyokuwa, nyonga moja juu, kwa sababu ya maumivu yaliyomzoesha kukaa hivyo.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe."

"Mimi nimekufa, nina sababu. Wewe huli?"

"Nakula."

"Unakula chipsi." Akasogea kunipa nafasi. Nailoni ikalia chini yetu. "Kaa. Shika bakuli."

Nikakaa, nikashika bakuli. Nikamwangalia anavyofungua maganda kwa kucha ya kidole gumba. Nilikuwa na furaha iliyoniuma.

"Viungo vinauma?" nikamwuliza.

"Hapa katikati hakuna kinachouma. Kuna upepo kidogo, basi."

"Twende nyumbani."

"Milango ya kule inapimwa, Singano. Nikitaka kupita, ninyooke kwanza. Umemwona yule wa chumba cha nne?"

"Nimemwona. Hakunijua."

"Hawezi kukujua, amenyooka. Anaimba vizuri, lakini."

"Anaimba vibaya sana."

Akacheka. Kicheko nilikuwa nacho kwenye simu, nilikijua, hakikunishtua. "Nakukumbuka kila siku," nikamwambia. "Ila sauti inaniponyoka. Uso ninao, kucheka ninako, hata kukoroma kwako ninako. Ile sauti ya mwisho sina. Kidole kinapita hapohapo juu yake, najua kinapita, lakini hakiijui. Kihiyo anataka tuuache wimbo. Tukiuacha, dada, utakuwa umebaki yule wa chumba cha nne peke yake."

Mwangwi akarudia, peke yake, peke yake. Nikamwomba anyamaze, akanyamaza kwa kufifia kama kawaida yake.

Mwantumu akaweka mbaazi chini. Akajifuta mikono kwenye dera.

"Nitakupa," akasema. "Lakini sikiliza. Nikishakuwekea chini ya ulimi, itatoka na neno la kwanza utakalolisema. Ukiamka usiseme kitu. Chukua gitaa, utafute mahali pake, ufunge uzi. Ukishafunga, ongea mpaka uchoke."

"Na ikitoka kabla?"

"Itakuwa imetoka."

"Utanipa nyingine."

"Singano. Mimi ninayo moja."

Nikafungua mdomo. Akaimba. Hakuimba wimbo wote, aliimba sauti ile tu, kwa upole, kama mtu anayemwita jirani bila kutaka kumwamsha mtoto. Ilikuwa chini kidogo ya pale nilipokuwa nikiitafuta siku zote. Nilijisikia mjinga na nikajisikia nimeshikwa bega. Kisha akaichukua kwa vidole viwili, akaniwekea chini ya ulimi. Ilikuwa ndogo na kali, kama karafuu. Nikafunga mdomo.

"Shangazi hajambo?" akauliza.

Nikatikisa kichwa.

"Kutikisa kichwa ni jibu la kitu gani? Hajambo au mgonjwa?"

Sikuweza kumjibu. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akachukua ganda jingine la mbaazi.

Upande wa pili ukasikika mwiko wa mwashi. Kinanda alikuwa ameita fundi kuja kuziba ufa. Udongo unaanguka, safu za mkonge zinasogeleana, watu wa katikati wanaanza kukusanya vitu vyao bila haraka, kama watu waliokwisha kuhamishwa mara nyingi. Mwantumu ananipokonya bakuli, ananisukuma mgongoni, na mkono wake ni mkavu na wenye nguvu. Ninataka kumwita. Ninakumbuka nisimwite. Ninapita ufa kwa ubavu nikiwa nimeuma meno, na hilo la kuondoka bila kumwita ndilo baya kuliko yote niliyowahi kuota.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda na chumba kilikuwa na joto. Nilikuwa nimefumba mdomo kwa nguvu mpaka taya zinauma, na chini ya ulimi kulikuwa na kitu kidogo kinatetemeka. Sikukitafakari. Nikashusha gitaa, nikachomoa uzi kwenye chandarua pale kilipochanika, nikaushika kwa meno, nikaanza kuteleza kidole juu ya waya. Kadiri kidole kilivyokaribia, ndivyo kile kitu kilivyotetemeka zaidi. Nikateleza tena, kidogo, chini ya pale nilipozoea. Nilikuwa karibu mno. Nikatoa uzi mdomoni nianze kuufunga.

Shangazi akaingia. Huwa habishi hodi, ni nyumba yake. Siku hizi akiingia chumbani kwangu haniangalii, anakwenda moja kwa moja dirishani, ananipa mgongo, anashika pazia kama mwenye shughuli nalo. Anasimama pale kwa muda ule ambao mtu husubiri kuamkiwa. Halafu hugeuka, naona anatafuta uso wangu, natikisa kichwa, anatoka.

Leo alikawia kugeuka. Nikauona mgongo wake. Umepungua, mifupa imejichora kwenye khanga, na kisogoni nywele hazijasukwa tangu msiba. Nikatikisa kichwa. Lakini alikuwa ametazama nje, hakuona, na akaendelea kusubiri. Kidole changu kilikuwa juu ya waya, na uzi ulikuwa mkononi.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, Mwantumu," akajibu.

Mkono wake ukabaki kwenye pazia. Nikausikia mdomo wangu umekuwa mtupu, hakuna kinachotetemeka tena. Shangazi hakugeuka, nami sikumwambia ageuke. Tulikaa hivyo, yeye ametazama nje, mimi nimenyamaza, kwa muda wote ambao hakuna aliyelazimika kujua kwamba ni mimi.